Minji Kwanza, Hotuba Baadaye: kuandaa vikao vya chama cha waliofuzu kwa heshima

Kikao cha kwanza nilichoandaa kilikuwa na vitambaa vyeupe mezani, spika mbili za kimo changu na mgeni rasmi. Tulikuwa hotelini Westlands, watu arobaini na mmoja, wote wamefuzu kwa daraja la kwanza au wako njiani. Tulisikiliza hotuba tatu, tukala kuku robo robo, na kufikia saa moja na nusu jioni ukumbini tulibaki mimi, mwekahazina na bili. Jumatatu nikamuuliza kijana mmoja wa uhandisi aliketi na nani. Akafikiri kidogo. "Kulikuwa na dada wa miwani," akasema.

Tangu hapo nimeandaa vikao vingine kama kumi na vitano, na nimebadilisha karibu kila kitu. Mimi ni katibu wa shughuli wa chama kidogo hapa Nairobi, cha wanafunzi na wahitimu waliopata asilimia 70 kwenda juu, ambayo kwa vyuo vyetu vingi ndiyo heshima ya daraja la kwanza. Mchana niko ofisi ya bima Upper Hill nikikadiria watu watakufa lini, kwa hivyo nivumilie nikitaja hesabu. Ninamwandikia yeyote aliyepewa kazi kama yangu akajikuta na bajeti finyu na watu werevu wasiojua waanzie wapi kuzungumza.

Wape mikono kazi

Watu waliozoea kuwa wa kwanza darasani wakikutana hupimana. Kila mmoja alikuwa nambari moja kwao, na sasa chumba kizima ni nambari moja. Hotuba huzidisha ugonjwa, maana kila msemaji husimama na wasifu wake. Dawa niliyoipata ni kazi ya mikono, na sijaona inayoshinda kumenya minji, yaani njegere.

Asubuhi ya kikao, tuma mtu soko la Marikiti anunue minji ikiwa bado kwenye maganda. Asinunue iliyomenywa, hata akibembelezwa. Mwaga rundo katikati ya meza, weka sinia mbili na beseni la maganda. Anayefika msalimu, mpe kiti, msukumie fungu lake. Usieleze kitu. Baada ya dakika tano mtu atamwonyesha jirani kwamba ganda hufunguka upesi ukilibonyeza upande wa ncha, jirani atabisha kwamba kwao huvuta kikonyo, na hapo mazungumzo yameshaanza. Macho yakiwa kwenye sinia, hata mwenye haya hupata la kusema. Niliwahi kumsikia msichana wa mwaka wa pili akimwambia mhadhiri, bila kuinua kichwa, kwamba anafikiria kuacha kozi ambayo kijiji kizima kilimchangia. Kwenye kipaza sauti hangelisema hilo hata ungemlipa.

Faida nyingine ni ya saa. Nairobi mtu atakuambia "niko Pangani nafika" akiwa bado anatafuta soksi Kasarani. Ukiwa na minji, aliyefika mapema haadhibiwi kwa kukodolea viti vitupu, na aliyechelewa anaketi tu palipo na nafasi na kuanza kumenya.

Kuna sheria moja pekee mlangoni: hakuna kuulizana alama. Anayeuliza "ulipata ngapi?" anatia shilingi hamsini kwenye mkebe wa kahawa ulio karibu na sinki. Mkebe huo umewahi kutununulia sukari ya mwaka mzima, nusu yake ikitoka kwa wakili mmoja ambaye simtaji.

Mwenzetu aliyesomea Marekani hupenda kutukumbusha kwamba Phi Beta Kappa, chama kikongwe cha heshima ya masomo kule, kilianzishwa na wanafunzi wa chuo cha William and Mary, Virginia, tarehe 5 Desemba 1776, na kwamba vijana wale walitaka kwanza urafiki na mahali pa kubishana kwa uhuru. Wanawake walisubiri hadi 1875, kule Vermont. Huwa namjibu kwamba sisi tulianza na wanawake wengi kuliko wanaume, na bado mabishano hayajatupungukia.

Tarehe, mahali na pesa

Jumamosi ya Kenya ina wenyewe: mazishi, harusi, ruracio ya kupeleka mahari. Wasabato nao wako kanisani. Sisi hukutana Jumapili kuanzia saa nane, watu wakishatoka ibada na kubadilisha viatu. Epuka wiki za mitihani, epuka katikati ya mwezi, na Januari iache kabisa, si bure watu wanaiita Njaanuari. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, usipange kitu cha nje bila paa la akiba. Julai panga, lakini waambie waje na sweta na uwe na makaa ya kutosha.

Kuhusu ukumbi nina kisa kimoja. Tulilipa amana mahali fulani, tukafika na masufuria, tukamkuta bibi harusi. Risiti yetu ilikuwa na kiasi cha pesa na mhuri, haikuwa na tarehe ya shughuli. Tarehe na saa ziandikwe kwenye risiti yenyewe, kisha piga simu siku tatu kabla, na tena jana yake. Siku hizi tunatumia ukumbi mdogo wa mtaa wa mwanachama mmoja South B. Una sinki, na ukumbi wenye sinki ni bora kuliko wenye zulia.

Mchango wetu ni shilingi 500 kwa mwenye kazi na 200 kwa mwanafunzi, kwa M-Pesa ya mwekahazina. Unaijua ile orodha ya WhatsApp inayonakiliwa na kubandikwa tena, majina na alama ya tiki mbele ya aliyelipa? Tuliiacha. Kila ilipobandikwa, watu wawili watatu walitoka kwenye kikundi kimyakimya, na walikuwa ndio wale ambao mkopo wa masomo wa helb ulikuwa haujaingia. Sasa mwekahazina hutangaza jumla tu: "Tumefika 9,400, bado 3,000." Majina anayo yeye, na mdomo wake ni mzito.

Sufuria

Kwa watu thelathini na watano mimi hupanga kilo nne za mchele wa pilau, kilo tano za nyama yenye mfupa kidogo, kilo mbili na nusu za vitunguu, na kachumbari ya kilo tatu za nyanya. Minji mliyomenya inaingia kwenye viazi na karoti, kitoweo cha wasiokula nyama, ambao hujitokeza kila mara hata kama hawakusema. Chapati agiza kwa mama wa mtaani. Pakiti ya kilo mbili ya unga hutoa kama kumi na nane za ukubwa wa heshima. Chai, maziwa lita tano na maji lita tano, tangawizi ipondwe pale pale.

Mpishi awe mmoja na awe na kauli ya mwisho. Wasaidizi wote wana shahada, na ukiwaacha watajadili chumvi mpaka jua lizame.

Zamu ya kwetu

Kila kikao cha tatu tunamwachia mwanachama mmoja alete cha kwao. Zamani tulifanya kama shuleni: kitambaa cha kufunga kiunoni, wimbo mmoja, makofi, kaa chini. Ilichosha hata walioimba. Tulichojifunza ni kumwomba mwenye zamu alete jambo moja tu ambalo wageni wanaweza kulijaribu na wakashindwa.

Zamu yangu nilimleta shangazi kutoka Makueni na katani yake. Si kumtazama akisuka kiondo. Kila mtu alipewa nyuzi akaambiwa aanze kitako. Kitako ndiko penye uchawi wote, nyuzi zinapishana katikati kisha zinatawanyika kama miale, na ukikosea pale, kiondo chote kitakuwa na kigugumizi. Mhandisi wetu wa umeme, yule yule aliyekaa na dada wa miwani, alifungua na kufunga mara sita. Shangazi akamwinamia.

"Mwanangu, hizo si nyaya. Usizilazimishe, zifuate."

"Nazifuata wapi, shangazi?"

"Zinakokwenda," akasema, akapita kwa mwingine.

Kwenye dirisha la ofisi yangu pana kitako kimoja cha siku hiyo, kimepinda kama chapati ya mgeni.

Siku ambayo hakuna mwenye zamu, tega vitendawili. Gawa watu kwa meza, si kwa kozi. Anza na vyepesi, "Kuku wangu ametagia mibani," ambacho ni nanasi, ili wote wapate sauti. Wakishindwa, aliyetega aseme "Nipe mji," kisha akubali au akatae mji anaopewa. Usiruhusu watu kuruka hatua hiyo, maana kule kutoa Mombasa au Kitale kwa majivuno ndiko kunakochekesha. Kisha ruhusu wa lugha nyingine: Mkikuyu atasema "Gwata ndai" na meza nyingine zitalazimika kumwomba tafsiri. Tafsiri mbovu zihesabiwe kuwa sahihi.

Mkitoka nje

Matembezi mazuri ya mjini huanza maktaba ya McMillan, pale Banda Street jirani na msikiti wa Jamia. Simama penye simba wawili wa mawe kwenye ngazi uwaambie wenzako kwamba jengo hili lilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nyamaza dakika moja baada ya hapo. Kundi la watu walioishi maktabani halihitaji maelezo zaidi. Kisha teremkeni hadi Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa 1913, mkaone vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, mwana wa baba Mgoa na mama Mmaasai. Pale ndani huwa nawaachilia wazurure bila kiongozi. Tunakutana mlangoni baada ya dakika arobaini na kila mtu anataja kitu kimoja ambacho angekiiba.

Mkienda msitu wa Karura, hakikisheni hakuna chupa za plastiki za kutumia mara moja. Zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga tangu 5 Juni 2020, na mlangoni mtaaibishwa. Bebeni maji kwenye chupa za chuma. Mkishaketi, mmoja asimulie jinsi Wangari Maathai alivyopigwa na kujeruhiwa huko tarehe 8 Januari 1999 akitaka kupanda mti, mwanamke aliyepata shahada yake ya uzamifu hapa Nairobi mwaka 1971. Msimuliaji asizidishe dakika kumi. Msitu utasema mengine.

Profesa na wazazi

Profesa usimwite mgeni rasmi. Ukimwita hivyo atakuja na kurasa kumi na mbili, na ana haki. Mimi huandika hivi: "Shikamoo Profesa. Jumapili tutakuwa na minji na chai South B, kuanzia saa nane. Tungefurahi uketi nasi. Vijana wana swali moja tu kwako: ni kazi gani uliyoifanya vibaya ukajifunza kitu?" Hakuna aliyewahi kukataa, na hakuna aliyewahi kuleta karatasi.

Siku ya kupokea wanachama wapya ndiyo pekee tunayoifanya rasmi kidogo: vyeti, majina, picha. Tunaimaliza kwa dakika kumi na tano kabla ya chakula. Muda uliobaki ni wa wazazi. Wengine wamepanda basi usiku kucha, na kwenye mahafali ya chuo walikaa mbali wakaona kofia tu. Waketishe mbele, kila mmoja na mwanachama anayejua lugha yake. Cheti mkabidhi mzazi, naye ampe mtoto. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, baba mmoja alikishika kwa mikono miwili, akakisoma mstari kwa mstari, akiwa amevua kofia. Tulingoja. Kisha akageuka na kuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama anaruhusiwa kukaa nacho hadi chai iishe.

Akakaa nacho. Mwanawe alimenya minji kando yake.

Kabla ya giza

Malizeni saa kumi na mbili. Wanaokwenda Rongai, Utawala na Githurai waondoke pamoja, si mmoja mmoja, na kila mtu aandike "nimefika" kwenye kikundi. Chakula kilichobaki kigawiwe wanafunzi kwanza; waambie mapema waje na mikebe ili wasione aibu. Vyombo vioshwe pale pale, na anayeosha asiwe mpishi.

Andika pia kwenye daftari nani ameondoka na nini. Sufuria yetu ya lita ishirini, ile yenye mpini mmoja uliofungwa waya, haijaonekana tangu Septemba. Uliye nayo hutaulizwa kitu. Iache tu kwa bawabu.