Kabla ya minada ya korosho kufunguliwa: mambo ya kuzingatia kuhusu habari za kwenye simu

Korosho zikianza kudondoka Tandahimba, Newala na Masasi, mkoani Mtwara, simu nazo huanza kujaa habari. Bei zinatajwa kabla hata ya mnada mmoja kufanyika. Sauti ya mtu asiyejulikana inasema wanunuzi wa mwaka huu wamegoma. Wakati huohuo mkulima ana deni la dukani, mtoto anadaiwa michango shuleni, na mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo anayepita majumbani, yuko uani na fedha mkononi. Saa hiyo hakuna mwenye utulivu wa kupima habari. Kazi hii inatakiwa ifanyike mapema, mikorosho ikiwa bado inachanua na watu wako shambani kupuliza dawa.

Anza kwa kujua bei halali inatoka wapi. Korosho ghafi zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye zao hili mwaka 2007. Unapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, mzigo unakwenda ghala kuu, kisha unauzwa mnadani chini ya chama kikuu cha ushirika: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na upande wa Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa wilaya za pwani ya Lindi. Siku hizi mnada wenyewe hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Kwa hiyo bei isiyotaja chama kikuu, tarehe ya mnada na daraja la korosho haijawa habari bado, hata kama aliyeituma ni shemeji yako unayemheshimu. Nenda AMCOS sasa, muulize katibu matokeo ya minada yatabandikwa wapi, na uhifadhi namba yake ya simu. Ihifadhi pia ya mjumbe mmoja wa bodi, maana katibu siku ya mnada hapokei simu.

Jambo linalowaponza wengi zaidi, kwa ninavyoona, ni picha ya karatasi ya mnada. Mtu huamini kwa sababu karatasi ni ya kweli, ina nembo na mhuri. Itazame taratibu. Je, sehemu ya juu imekatwa, pale penye tarehe? Mnada huo ni wa ngapi? Ni tani ngapi zilizouzwa? Mnada wa kwanza wa TANECU Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, jambo lililofurahisha wengi. Picha ya siku ile ikitumwa tena msimu mwingine bila tarehe, kila herufi iliyomo ni sahihi na bado inakudanganya. Tofautisha pia bei ya juu na bei ya chini, kwa sababu ya juu huenda ni ya ghala moja tu na korosho zako ziko kwingine. Halafu kuna makato: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafirishaji, fungu la chama. Uliza mjengeko wa bei mapema, uuandike kwenye daftari, ili siku malipo yakiingia yakiwa pungufu kuliko bei iliyotangazwa usiwe wa kwanza kusambaza kwamba chama kimekula.

Uvumi wenye nguvu hujengwa juu ya jambo lililowahi kutokea. Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kwenye kusomba mzigo. Ndiyo maana hadi leo ukisikia "serikali inanunua yenyewe" unashawishika. Lakini agizo la ukubwa huo halipiti kwenye sauti ya dakika mbili pekee. Litasikika TBC Taifa, litasemwa na Bodi ya Korosho iliyopo hapahapa Mtwara, na mkuu wa wilaya atalizungumzia. Kimya cha hao wote ni jibu tosha.

Jiulize pia nani anafaidika ukiamini. Ujumbe wa kukatisha tamaa, kwamba bei itaporomoka au maghala yamefungwa, ukifuatwa siku ya pili na mtu mwenye mzani nyumbani kwako, usimuuzie siku hiyo. Mwambie arudi keshokutwa, nawe umpigie katibu.

Kwenye WhatsApp, mishale miwili juu ya ujumbe ina maana umeshapita mikono mingi. Haithibitishi uongo, ila inakuonyesha kwamba aliyekutumia hajui ulikoanzia. Sauti ya kiongozi unayemfahamu nayo haitoshi tena, kwa kuwa kompyuta sasa zinaweza kuiga sauti ya mtu.

Malipo yakianza kuingia benki, matapeli nao huamka. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unajulikana, lakini msimu wa korosho huja na sura mpya: anayejifanya ofisa wa benki anaomba namba ya siri ili malipo yako "yafunguliwe". Benki haikuulizi namba ya siri. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, na kwa *106# angalia kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Kanuni hizihizi zinafaa masika, vimbunga vinapotajwa. Aprili 2019 watu wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu Kimbunga Kenneth, kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, tarehe 25. Wapo waliosema walidanganywa. Hawakudanganywa: kimbunga hubadili mwelekeo ndani ya saa chache, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ina saa yake ya kutolewa. Isome saa hiyo kwanza, na utafute iliyo mpya zaidi. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Umeme na mtandao navyo vinaweza kukatika hivyohivyo, kwa hiyo redio ya betri iwe tayari.

Nyumbani, kubalianeni nani atakuwa anathibitisha. Bibi akiletewa sauti na mjukuu, asicheke mtu. Aambiwe, "Bibi, ngoja tumuulize katibu," na jibu arudishiwe yeye mwenyewe, kwa sababu jirani watamuuliza. Na ukigundua ujumbe wa kwenye kundi la kata si wa kweli, sahihisha palepale kwenye kundi, ukitaja mnada, tarehe na uliyemuuliza. Ukimnong'oneza mmoja pembeni, wengine wote wanabaki na ile bei ya kwanza.