Funga koki kwanza, injini ijizimie yenyewe

Mimi na mzee wangu tuna pikipiki ya zamani ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), tunaitoa mara mojamoja tu, na ilikuwa ikikaa mwezi inatutoa jasho kwa kiki. Siku hizi tukirudi tunafunga koki ya mafuta tukiwa nje (sio ndani, moshi ule unaua), tunaiacha inguruma hadi izime yenyewe. Petroli ikilala kwenye kabureta inakauka polepole inaacha utando kama gundi, jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, zinaziba. Ila koki ikiwa imechoka inapitisha, hapo unajidanganya, badilisha mpira wake kwanza. Na zile koki za vakyumu (zinazofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe) zisizo na sehemu ya kufunga, legeza skrubu ya chini ya kabureta umwage petroli iliyobaki.