Kujifunza Kutazama Tamthilia: Jicho Lako Ndilo Kamera

Mtu aliyezoea filamu akiingia katika ukumbi wa maigizo kwa mara ya kwanza, mara nyingi huchoka kabla ya mapumziko, na akitoka huulaumu mchezo kwamba ulikuwa wa polepole na wenye maneno mengi. Wakati mwingine mchezo ni mbovu kweli. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, kinachomchosha ni kusubiri kuonyeshwa. Katika filamu kuna mtu mwingine aliyekwisha kuamua utazame nini: kamera inausogelea uso, inauacha, inakupeleka mlangoni kabla mgeni hajabisha hodi. Jukwaani hakuna anayekufanyia kazi hiyo. Waigizaji watano wako mbele yako kwa wakati mmoja, mmoja akizungumza na wanne wakimsikiliza, na ni juu yako kuchagua pa kuweka jicho. Karibu kila ninalolieleza hapa chini linatokana na jambo hilo moja.

Zoezi la kwanza, ambalo ningependa ulijaribu hata kama utayaacha mengine yote, ni kumwacha anayesema aseme, na wewe kumtazama anayesikiliza. Mfano bora ninaoujua umo katika tamthilia ya kale ya Mgiriki Sophocles ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Mfalme Edipode. Mjumbe anafika kutoka Korintho, naye, akidhani anamwondolea mfalme hofu, anamwambia kwamba wale waliomlea hawakuwa wazazi wake wa kumzaa. Mfalme anashika uzi huo na kuuvuta, swali baada ya swali. Malkia yupo hapohapo jukwaani, kimya. Mara ya kwanza nilipoitazama sehemu hiyo, nilimkazia macho mfalme na mjumbe kama ninayefuatilia mpira, nikashtukia tu malkia anamsihi mumewe aache kuuliza, kisha anaondoka. Kumbe alikuwa amekwisha kuelewa kila kitu, kwamba mumewe ni mwanawe wa kumzaa, wakati mfalme bado anahoji, na uelewa huo ulikuwa umempitia usoni na mabegani huku mimi nikitazama kwingine. Hatumwoni tena akiwa hai. Mauti yake tunasimuliwa tu na mtu anayetoka ndani.

Zoezi hilohilo linafaa hata pale ambapo wasikilizaji ni umati. Katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere, Brutus, mmoja wa wauaji, anawaeleza raia kwa nini Kaizari ameuawa, nao wanamshangilia. Antony, rafiki wa Kaizari, anapanda baada yake, na anapomaliza, raia walewale wanakimbia kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Wengi huenda kusikiliza ufasaha wa Antony, na ufasaha huo unastahili kusikilizwa. Lakini jaribu kuchagua raia mmoja tu katika ule umati, yule aliyesimama pembeni, umfuate tangu anapomshangilia Brutus hadi anaposhika moto. Ikiwa mwongozaji amefanya kazi yake, utauona wakati halisi ambao mtu huyo anageuka, na huenda usiwe wakati ule ulioutarajia.

Swali linaloulizwa sana ni kama inafaa kuijua hadithi kabla ya kwenda. Kwa maoni yangu inafaa, na tena ni vizuri zaidi. Watu wa Athene ya kale, mji wa Sophocles, waliokwenda kuona mikasa yao walikuwa wakizijua hadithi zile tangu utotoni; hakuna aliyekaa akijiuliza kama mfalme atanusurika. Ukiujua mwisho, macho yako yanakuwa huru kutazama namna watu wanavyoukaribia bila wao kujua. Hiyo ndiyo starehe ambayo wahakiki huiita kinaya, nayo haiwezekani kwa mtazamaji asiyejua lolote. Basi soma muhtasari, au soma onyesho la kwanza tu, hasa ikiwa lugha ya mchezo ni ya kishairi. Hata ukiwa umesoma, sikio lako litahitaji kama dakika kumi hivi kuizoea lugha hiyo, kwa hiyo usitishike ukipoteza sentensi kadhaa za mwanzo.

Kuhusu tamthilia ya kuanzia, watu hupendekeza vichekesho kwa kuwa ni vyepesi. Mimi naona kichekesho kinahitaji ustadi mkubwa mno wa waigizaji, na kikiharibika hakitazamiki. Ningependekeza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayotokana na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mgogoro wake uko wazi tangu mwanzo, lakini haukupi jibu rahisi. Mwishoni, mikononi mwa askari wa Kijerumani, Kinjeketile anatakiwa atamke kwamba maji, ile dawa yake ya kuwakinga wapiganaji na risasi, yalikuwa uongo, naye anakataa, ingawa mwenyewe amekwisha kuyatilia shaka. Hapo, tena, usimtazame yeye peke yake. Mtazame Kitunda, aliyeongoza wapiganaji na kuwaona wakianguka, halafu uone anavyokupokea kukataa huko. Mashetani ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1971, iache kwa baadaye: inaanza kwa vijana wawili wanaoigiza Shetani na Binadamu, mchezo ndani ya mchezo, na mtazamaji mgeni huweza kupotea kabla hajajua nani anaigiza na nani anaishi.

Kinjeketile inafundisha pia jambo la pili. Mhusika mkuu anaingia katika mto Rufiji na kutoka siku ya pili akiwa mkavu. Ukumbini hakuna mto. Mwongozaji mmoja atatumia kitambaa kirefu kinachotikiswa na watu wawili, mwingine atatumia taa na ngoma, mwingine atamwacha mwigizaji azame kwa mwili wake tu huku wenzake wakitazama mahali pamoja kwa hofu. Mtazamaji anayesema moyoni kwamba huo si mto atakaa na njaa usiku kucha. Mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi hana shida hiyo, nasi sote tuliwahi kuwa watoto. Kubali kile unachoombwa kukubali katika dakika za mwanzo, kisha uwe mkali: je, wao wenyewe wanaheshimu walichokuomba? Mwigizaji anayekatiza katikati ya mto aliouonyesha dakika tano zilizopita ana kosa kubwa kuliko anayesahau maneno.

Usipopata ukumbi karibu, tamthilia inaweza kusomwa, mradi isisomwe kama riwaya. Kusanya wenzako wawili au watatu, mgawane wahusika, msome kwa sauti, na mmoja apewe kazi ya kusoma maelekezo ya jukwaani, ambayo wasomaji wa haraka huyaruka. Katika tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879 kuhusu Nora, mke anayeamua kuiacha nyumba yake, tukio zito kuliko yote halina neno hata moja: ni sauti ya mlango unaofungwa chini, baada ya mume kubaki peke yake. Anayeruka maelekezo hausikii mlango huo.

Je, ukichoshwa? Jiulize kwanza kama ni mchezo au ni onyesho la siku hiyo. Tamthilia ya Mrusi Chekhov iitwayo Chaika, yaani shakwe, ndege wa baharini, ilizomewa ilipoonyeshwa St. Petersburg mwaka 1896, na miaka miwili baadaye kundi jingine la Moscow likaionyesha kwa mafanikio makubwa. Zipo pia tamthilia zinazotaka uhisi uzito wa kusubiri, kama ile ya Samuel Beckett iliyoonyeshwa Paris mwaka 1953, ambamo watu wawili wanamngoja Godot katika sehemu zote mbili za mchezo naye haji. Mimi niliipenda. Rafiki yangu aliniambia kwamba angekuwa amekaa karibu na mlango angeondoka, na sioni kama alikosea. Si lazima kupenda kila kinachosifiwa.

Kuhusu kiti, mstari wa nne au wa tano ukitoka mbele hutosha: unaona nyuso, na bado jukwaa zima linaenea machoni. Ukitoka, usikimbilie kujiuliza mchezo ulikuwa na ujumbe gani. Kumbuka kwanza dakika moja ambayo ukumbi wote ulinyamaza, au ambayo wewe mwenyewe ulisogea mbele kitini bila kukusudia, na ujaribu kukumbuka ulikuwa ukimtazama nani. Mchezo ukikupendeza, rudi usiku mwingine. Safari hiyo kaa upande wa pili wa ukumbi, na badala ya wakubwa umchague mtumishi aliyeleta barua: mwangalie anavyongoja kuambiwa aondoke.