Jinsi ya kujua kama mnyama kalala kweli au anasinzia tu

Watu wakizungumzia usingizi wa wanyama wanakimbilia kuuliza analala masaa mangapi, mi naona hilo liwe swali la mwisho, manake masaa yanabadilika ukimhamisha tu mahali. Slothi, yule anayening'inia mitini huko Amerika ya Kati na Kusini, akifugwa alipimwa akakutwa analala kama masaa 16 kwa siku, halafu 2008 wakapima wa porini kule Panama, kwa kifaa cha kusoma ubongo, yakatoka chini ya 10.

Anza na shingo. Mamalia wengi wana usingizi mzito na usingizi wa ndoto, na huu wa ndoto misuli inalegea kabisa. Kwa hiyo paka aliyekunja miguu chini ya tumbo huku kichwa kakiinua, hata kama kafumba macho, huko hajafika. Akijimwaga ubavu, masharubu yanacheza, vidole vinashtukashtuka, pumzi haina mpangilio, hapo ndo kafika, muache.

Farasi anachanganya wengi. Miguu yake ina kano zinazokaza viungo, so anasinzia kasimama bila kuchoka na watu wanadhani imetosha. Haitoshi, lazima alale chini kidogo ndo apate ule wa ndoto. Kagua mbele ya vifundo vya miguu ya mbele, ukikuta makovu au manyoya yamechubuka na hujui yametoka wapi, inawezekana anazidiwa usingizi, magoti yanaachia na anaporomoka. Angalia sakafu ni ngumu? pamebana? kahamia juzi? yuko peke yake bila mwenzake wa kumlinda? Kama vyote viko sawa mwite daktari wa mifugo, huenda viungo vinamuuma anaogopa kulala chini.

Halafu jiulize nani anamuwinda na anakula nini. Simba kashiba nyama, hana wa kumtisha, anajilalia tu. Tembo anatafuna majani karibu siku nzima, majike wawili waliofuatiliwa Chobe, Botswana (matokeo yalitoka 2017) walilala wastani wa masaa 2 kwa siku. Na sili wa manyoya, mnyama wa baharini anayepanda pia nchi kavu, ndo kiboko, akiwa baharini analala nusu ya ubongo nusu iko macho, akipanda nchi kavu analala ubongo wote, mwili uleule.

Mwanga nao usiusahau. Ukifuga hamsta, yule kama panya mdogo wa kufugwa, usimwachie taa usiku eti asiogope, giza ndo muda wake wa kuchangamka. Na usidhani melatonini, homoni ambayo mwili unaitoa gizani, ni homoni ya usingizi kwa kila kiumbe, kwa hamsta inapanda usiku wakati yuko macho!

Masaa sasa: tega kamera masaa 24, sio usiku tu, alipolegea andika peke yake, aliposinzia peke yake, na mahali alipokuwa.