Jinsi ya kujua kama kampuni inakubana intaneti

Kebo za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, halafu wewe hapo Kisauni video inazunguka kama pia, si maudhi hayo? Sasa usikimbilie kutukana kastoma kea, pima kwanza. Chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, maana waifai ikipita kuta mbili yenyewe hufa, kisha fungua Speedtest, tovuti ya kupima spidi, halafu Fast.com, nayo ya kupima, ambayo ni ya Netflix, wale wa video. Ya kwanza ikisoma Mbps 20 na ya pili 3, hapo pana jambo. Washa VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri) urudie Fast.com, spidi ikipanda ghafla basi yaelekea video ndiyo inayobanwa, kwa sababu VPN inaizuia kampuni isione unatazama nini.

Kama kila kitu kiko slo saa mbili usiku na alfajiri kiko sawa, huo msongamano tu, mtaa mzima uko onlaini. Soma na mkataba pia, wengine hukupunguzia spidi ukivuka kiwango fulani (kimeandikwa kwa herufi za sisimizi). Piga skrinshoti zenye saa, ilalamikie kampuni yako kwanza, wakikuzungusha peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA.