Kabla ya kupeleka wanafunzi Tshivanga

Mwalimu wa Bukavu, kabla ya safari ya kuona ngagi (gorila) huko Tshivanga, lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, pima kamba ya mita 10 uitandaze kiwanjani. Mtoto mmoja asimame mwisho huu, mwingine ule: wasisogelee ngagi zaidi ya hapo. Kusema tu hakutoshi, macho ya mtoto hayajui mita.

Barakoa beba mbili kwa kila mtu. Ya kwanza italoweshwa na pumzi kwenye mlima, na ikilowa haikingi tena vizuri. Mwenye mafua abaki, hata kama ameshalipa. Mafua yetu huweza kuua ngagi.

Walio chini ya miaka 15 hawafikishwi kwa ngagi. Wape kazi ya pua za ngagi: mikunjo ya pua hutofautiana kwa kila ngagi, waichore kutoka kwenye picha.