Simu inyamaze usiku, ila mama akipiga iite

Wanachuo wenzangu wa Mtwara mnaolala simu ikiwa sikioni kwa hofu ya dharura nyumbani, Newala au Tandahimba: washeni "Usinisumbue" kwenye mipangilio, saa 4 usiku hadi 11 alfajiri, mkiruhusu namba za wazazi na wapigaji wanaorudia. Meseji za grupu la darasa zinanyamaza, usingizi unakolea, na asubuhi kichwa kinashika somo. Kwenye Android, anayepiga mara ya 2 ndani ya dakika 15 simu inaita hata kama namba ni ngeni, kwa hiyo waambieni nyumbani wapige tena. Hilo msilisahau kabisa. Inakwama baba akiazima simu ya jirani akapiga mara moja tu. Na CR (kiongozi wa darasa) akihamisha kipindi usiku hutasikia, pitia grupu kabla hujatoka geto.